Duka la majeneza lilipobadili mwenyewe: nilichokiona mimi mweka hazina

Naandika haya kwa ajili ya watu wa Tabora, hasa wenzangu wenye vyama vya kufa na kuzikana, maana wengi wamenipigia simu kuniuliza kama lile duka la majeneza tulilokuwa tukilitumia sisi wa Ng'ambo bado linafaa. Jina lake siliandiki, kwa kuwa kuna hela haijarudi na shauri liko kwa wakili. Mengine yote nitayasema kama nilivyoyaona, kwa sababu hela yenyewe si yangu. Ni ya kaya 62, na mweka hazina ni mimi.

Tulianza na duka hilo mwaka 2021. Mwenyewe wa kwanza alikuwa fundi mtu mzima, mtaratibu, ambaye hata kabla ya chama kuanza alishawazika wengi wa mtaani kwetu. Akatupa bei nzuri kwa sharti la kulipa mbele: shilingi 450,000 kwa kila msiba, misiba minane, jumla 3,600,000. Kwa Mkristo ni jeneza la paini ya Mafinga, gari ndani ya manispaa, maturubai mawili na viti 100. Kwa Muislamu jeneza halipo, kwa hiyo alitoa sanda, kafuri, ubani, mbao za kufunikia mwanandani (ile nafasi ya kulaza maiti ndani ya kaburi), pamoja na gari, maturubai na viti vilevile. Hilo lilinigusa, kwani chama chetu kina watu wa msikitini na wa kanisani, na maduka mengine yalikuwa yakitaka wote walipie jeneza, liwe linahitajika au halihitajiki.

Misiba mitatu alitutendea vizuri. Gari lilifika kabla ya muda, dereva hakuomba hata hela ya maji, na mzee mwenyewe alikuja matanga kutoa pole. Kwenye kadi yetu akapiga muhuri mara tatu. Ikabaki misiba mitano, yaani shilingi 2,250,000 zetu zilizoko mikononi mwake. Mkataba ulikuwa ile kadi na risiti nne za kuandikwa kwa mkono. Mimi ndiye niliyezipokea, na nikaridhika nazo.

Agosti 2023 alifariki mama mmoja jirani yangu aliyekuwa akiuza maandazi pale kona. Alifia hospitali ya Kitete usiku, na saa kumi alfajiri mwanawe mkubwa akanigongea. Saa moja asubuhi tulikuwa dukani, yeye na mimi, na kadi mfukoni. Kabla sijaingia niliona kibao kimepakwa rangi upya. Herufi za bluu zilikuwa zimeandikwa juu ya zile za zamani, na za zamani zilikuwa bado zinasomeka kwa chini. Ndani alikuwepo kijana wa miaka thelathini na kitu, mnyenyekevu, akaniamkia shikamoo. Ukutani, kwenye fremu, ilining'inia leseni ya biashara yenye jina la yule mzee.

Nikampa kadi. Akaigeuza mbele na nyuma, akairudisha taratibu.

"Mzee wangu, mimi nilinunua gari, mashine na mbao. Hela zenu sikuzinunua."

Mtoto wa marehemu alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshika nguo za mama yake alizozifunga kwenye kitenge. Sikuwa na la kumwambia. Tukachanga palepale kwa simu, hazina ikaongeza, tukalipa shilingi 520,000 kwa kitu tulichokwisha kukilipia miaka miwili nyuma.

Nieleze na jeneza lenyewe. Fundi wa kijana huyu anajua kazi. Pembe zilikutana sawasawa, kifuniko kilikaa bila kusukumwa, satini ya ndani ilibanwa kwa mikunjo iliyolingana. Lakini lilikuwa limepakwa vanishi asubuhi ileile. Saa saba mchana, wakati wa kuaga, dada wa marehemu aliinama akaegemea ubavuni mwa jeneza, na alipoinuka khanga yake ilibaki imenasa. Ikabidi mtu aibandue polepole. Mpaka makaburini alikuwa na mstari wa rangi ya kahawia kifuani, na kila nilipomtazama niliuona huo mstari. Vanishi inataka siku nzima kukauka. Duka la majeneza likose yaliyokauka tayari? Hilo ni kosa la kazi, na nilimwambia kijana mwenye duka siku ya tatu, baada ya kuanua matanga. Alikubali.

Siku hiyohiyo nilimwomba anioneshe karatasi ya mauziano, akanionesha bila kuficha, na kwa hilo namheshimu. Karatasi mbili. Zimeorodhesha gari moja, randa ya umeme, msumeno wa meza, mbao 140, maturubai sita, viti 300, hata makopo ya gundi yamehesabiwa. Chini kuna sahihi za wote wawili na mashahidi. Nilizisoma mara mbili nikitafuta mstari mmoja tu unaotaja watu waliolipa wakawa hawajahudumiwa. Haupo.

Mimi nilikuwa karani wa mizigo stesheni ya Tabora kwa miaka 27. Hapa ni njia panda, treni za Kigoma, Mwanza na Mpanda zote zinapita kwetu, na ghala lilikuwa halikosi vitu vya watu: magunia ya mpunga, ndoo za asali, baiskeli, godoro la bibi harusi. Zamu ikibadilika, anayetoka anaandika kila mzigo uliobaki, namba yake na mwenyewe, anayeingia anahesabu kimoja kimoja ndipo anatia sahihi. Ukishapokea funguo za ghala umepokea na mizigo ya watu iliyomo. Huwezi kumwambia mtu asubuhi kwamba godoro lake lilipokelewa na karani wa jana. Sasa hawa wawili walikabidhiana duka zima, wakahesabu makopo ya gundi, wakaacha mizigo ya kaya 62 nje ya kitabu.

Mwenyekiti wa mtaa alituita pamoja, na wakili mmoja akajitolea kutusikiliza. Alitueleza jambo ambalo wenzangu wengi nimeona hawalijui. Kuuza vifaa vya duka si kuuza madeni yake. Ili aliyenunua abebe deni la aliyeuza, lazima wakubaliane watu watatu: anayedaiwa, anayelipokea na anayedai. Sisi tunaodai hatukuulizwa, hata taarifa hatukupewa. Kwa hiyo kisheria deni limebaki kwa mzee yule, ambaye alikwisha kuhamia kwa watoto wake mkoa mwingine. Yeye kwa simu alisema alimwambia mnunuzi kwa mdomo. Mnunuzi anasema aliambiwa "wapo wateja wa zamani", akadhani maana yake ni watu watakaokuja kununua.

Kuhusu leseni, kijana alidhani kwa kuwa amenunua duka, na leseni iliyoko ukutani amenunua. Nilikwenda naye manispaa mwenyewe. Afisa biashara alimwelekeza aombe yake, kwa jina lake na TIN yake (namba ya mlipa kodi), na jina la biashara alibadilishe BRELA, wakala wa kusajili biashara, lisomeke kuwa ni lake. Amefanya yote. Lakini wakati akijaza maombi nilikuwa nimekaa pembeni yake, na hakuna aliyemuuliza kama duka analolichukua limeshika hela za watu. Leseni yenyewe ni ya biashara ya mwaka mmoja, kama ya muuza saruji. Mwenye saruji akifunga duka unakwenda la jirani. Mwenye duka la mazishi ameshika hela ya siku ambayo wewe mwenyewe hutakuwepo kuidai.

Wenzetu wa mbali wamepita humuhumu, tena kwa hasara kubwa. Binti yangu ni muuguzi Uingereza, na kule ni kawaida mtu kujilipia mazishi yake akiwa hai. Machi 2022 kampuni moja iliyouza mipango hiyo ilianguka ikiwa na wateja wapatao 46,000, na hela ya kwenye mfuko haikutosha kuyalipia mazishi iliyoyaahidi. Julai 29 ya mwaka huohuo usimamizi wa biashara hiyo uliingia mikononi mwa FCA, mamlaka yao ya huduma za fedha, na kampuni isiyo na idhini yake hairuhusiwi kutoa mipango ya mazishi. Marekani kila jimbo lina sheria zake. New York hela yote ya mtu aliyelipia mazishi mapema lazima iwekwe kwenye akaunti yenye riba na inabaki ni yake mpaka siku ya huduma, hivyo fundi haruhusiwi kuinunulia mbao. Missouri walibadili sheria yao mwaka 2009, baada ya kampuni kubwa ya mazishi ya kulipia kabla iliyokuwa St. Louis kuporomoka mwaka 2008.

Sisi hatuhitaji mambo makubwa hivyo. Ningeomba manispaa zetu zifanye kitu kidogo: mtu akija kuomba leseni ya duka la mazishi alilolinunua kwa mwingine, alete orodha ya waliolipa mbele, imesainiwa na muuzaji na mnunuzi, na kila aliyeko kwenye orodha awe amepewa taarifa kabla ya mauziano. Karatasi moja tu. Ingekuwepo Agosti ile, yule mtoto wa marehemu asingesimama dukani na nguo za mama yake mkononi akisubiri tumalize kubishana.

Na wale wanaoniuliza kuhusu bima ya mazishi, nawajibu kwamba hiyo ni njia tofauti. Kampuni ya bima iko chini ya TIRA, mamlaka ya kusimamia bima, ikikuzungusha una pa kupeleka malalamiko. Ukimlipa fundi mbele, una risiti yake tu.

Tulivyomalizana ni hivi. Kijana amekubali kubeba misiba mitatu kati ya mitano kwa kadi ya zamani, ingawa sheria haikumlazimisha. Miwili iliyobaki, shilingi 900,000, mzee arudishe. Mpaka leo amerudisha 400,000 kwa awamu mbili. Zilizobaki ndizo ziko kwa wakili. Katika ile mitatu ya kijana, miwili ameshaitoa.

Sasa duka lenyewe lilivyo leo. Majeneza yako sita au saba muda wote, yamekauka, nayapapasa kwa kiganja kila nikipita na sijashika unyevu tena. La paini lisilo na nakshi ni 380,000 bila gari, la mninga linaanzia 1,100,000, na bei zimeandikwa kwenye karatasi kubwa mlangoni, hivyo mfiwa haulizwi kwanza anafanya kazi gani ndipo atajiwe bei. Marekani kuna kanuni ya serikali kuu tangu 1984 inayomlazimu mwenye huduma za mazishi kumpa mteja orodha ya bei. Kijana huyu hakulazimishwa na mtu. Gari ni lilelile la zamani, mlango wa nyuma unataka kuinuliwa kidogo ndipo ufunge, na kwa safari ya Sikonge au Urambo mimi nisingelichukua. Ndani ya mji linatosha. Dereva ni mpya, anaendesha taratibu mbele ya msafara na anajua kusimama pembeni watu wa nyuma wakichelewa. Vifaa vya Kiislamu bado anaviweka, na mbao za mwanandani anakuja kupima kaburini mwenyewe badala ya kukadiria. Msiba wa mwisho, wa mzee wetu mmoja wa msikitini, alifika mchimbaji akiwa bado shimoni, akapima, akarudi na mbao zilizokaa sawasawa. Usiku anapokea simu. Nimempigia saa nane za usiku, akapokea mlio wa pili.

Kwa kazi ya mikono namkubali. Kumlipa mbele, hapana, na nimemwambia uso kwa uso. Chama sasa kinaweka hela benki kwenye akaunti ya chama, sahihi za watu watatu, na duka linalipwa kesho yake baada ya mazishi. Tumeandikiana kurasa mbili. Kipengele cha tano kinasema akitaka kuuza duka atatuandikia siku 60 kabla, na anayenunua atakaa na sisi mezani kabla ya kupokea funguo. Nakala ya mkataba huo ninayo, na chama chochote kinachotaka kuiga kije nyumbani jioni, nitawapa wakapige fotokopi.

Juzi nilipita dukani kwa ajili ya msiba ule wa mzee wetu. Leseni iliyoko kwenye fremu ina jina lake, na tarehe ya kwisha bado. Alitoa kadi yetu ya zamani kwenye droo, akapiga muhuri wa tano, chini ya ile mitatu ya yule mzee na mmoja wake.