Waini ya Sauzi: chukua ya wapi?

Supamaketi za Dar na Nairobi waini nyingi ni za Sauzi, na watu wengi tunachagua kwa bei au kwa uzuri wa lebo. Mi nasema kabla ya yote tafuta jina la mahali. Toka 1973 wenzetu wana mfumo unaitwa Wine of Origin, kwenye lebo wanafupisha W.O. halafu linafuata jina, na hilo jina haliandikwi kiholela: ikiandikwa W.O. Stellenbosch basi zabibu zote, asilimia 100, zimetoka Stellenbosch. Kwenye aina ya zabibu na mwaka wa mavuno ndo wamelegeza, asilimia 85 inatosha.

Haya, napanga kwa kuangalia hela yako inarudisha nini.

Namba moja Swartland, na hapa beba Chenin Blanc, zabibu ya waini nyeupe. Kule ni kukavu, mizabibu mingi ya zamani imeachwa iwe vichaka, haina waya wala haimwagiliwi, inazaa kidogo ila hicho kidogo kina ladha nzito balaa. Ukikuta stika ya Certified Heritage Vineyards ujue mizabibu ina miaka 35 au zaidi, na mwaka iliyopandwa umeandikwa hapohapo. Weka na samaki wa kupaka afu tuongee.

Mbili ni Stellenbosch, kwa nyekundu. Cabernet Sauvignon ndo mwenye mji, na Pinotage ilizaliwa hukohuko 1925, profesa Abraham Perold alichavusha aina mbili za zabibu nyekundu, Pinot Noir na Cinsaut. Shida jina limeshakuwa kubwa kwa hiyo unalipia na jina. Kuna nyama choma na wakwe wanakuja? Lipa. Jumanne ya kawaida, pita. Na Cabernet ikiwa bado changa inakaba ulimi, ifungue saa moja kabla ya kula, usiitumbukize jokofuni kama soda.

Tatu Robertson, bonde la mto Breede, udongo una chokaa nyingi, Chardonnay yake, waini nyeupe, nzuri na bei haiumi. Kama kamati ya sendofu imekupa kazi ya vinywaji na bajeti ndo hiyo mnayoijua, nunua hii kwa katoni na hakuna atakayelalamika.

Nne Elgin. Kuna baridi, ni nchi ya matufaa, Sauvignon Blanc (nyeupe) na Pinot Noir (nyekundu) zake safi sana, ningeipandisha juu ila huku kwetu ni ya kuitafuta kwa tochi na ukiipata bei imechangamka.

Constantia siiweki kwenye foleni, hiyo ni zawadi. Kaeneo kadogo ka mashamba ndani ya Cape Town, historia yake inaanzia 1685, na waini yao tamu ndo Napoleon alikuwa anapelekewa akiwa kifungoni kisiwa cha St Helena.

Mwisho W.O. Western Cape: zabibu zinaweza kutoka kona yoyote ya jimbo zima. Si mbaya, ya kupikia au kuchanganya na matunda inafaa, ila usikubali kuuziwa kwa bei ya Stellenbosch kisa chupa ni nzito.

Na chupa iliyosimamishwa dirishani inapigwa jua mchana kutwa, iwe ya wapi iwe ya wapi, iache.