Makabati ya Nyakato, mapazia ya Mlango Mmoja: nilikopata vitu vya nyumba hapa Mwanza

Mgeni akiingia jikoni kwetu Nyegezi, swali la kwanza siku hizi ni kama makabati tuliagiza Dar. Hapana. Yametengenezwa Nyakato, kwa mbao za paini kutoka shamba la miti la Rubya, Ukerewe. Naandika haya kwa sababu najua wengi mnakarabati nyumba na hamjui pa kuanzia, halafu mnaishia kununua kilichopo dukani siku hiyo.

Nianze na pa kupata mawazo. Simu yangu ilijaa picha za Pinterest: majiko meupe tupu, kaunta zinazong'aa, taa za kuning'inia. Mazuri kuyatazama, ila hayakutengenezwa kwa ajili ya nyumba inayopigwa na jua la saa kumi kutoka ziwani. Na msimu wa wadudu wa ziwani, wakianza kufuata taa usiku, ukuta mweupe wa jikoni unakuwa kazi ya kufuta kila asubuhi. Kilichonifungua macho ni Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, yale yaliyoanzishwa na Padri David Clement kutoka Kanada. Nilikwenda na watoto kuona ngoma, nikajikuta natazama rangi. Wekundu wa udongo, weusi, weupe kidogo, na mti ulioachwa uonekane mti. Nyumbani nikaamua: ukuta mmoja wa sebule uwe rangi ya udongo, jikoni mbao zisipakwe rangi. Kama unatafuta wazo la nyumba ya Mwanza, nenda Bujora kabla hujafungua simu.

Sasa karakana. Iko Nyakato, upande wa SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, haina hata kibao. Nilielekezwa na jirani aliyetengenezewa vitanda pale. Kilichonifanya nimwamini fundi ni kwamba hakutaja bei. Aliuliza sinki liko wapi, nani anapika, ana urefu gani. Akaja nyumbani na futi yake, akapima ukuta juu, katikati na chini, maana nyumba zetu za mlimani kuta hazinyooki. Bei ilikuja baada ya hapo, imeandikwa kwenye karatasi, mbao peke yake, ufundi peke yake.

Mbao zake zimepangwa kwa tabaka, kila tabaka limetengwa na vijiti ili hewa ipite. Nilichagua ubao mmoja uliokuwa mzuri kwa macho, akautoa mkononi mwangu.

"Huu bado mbichi, mayu. Nikikutengenezea leo, baada ya miezi miwili mlango haufungi."

"Kwa hiyo nisubiri?"

"Usubiri. Au uende kwa mwingine."

Nilisubiri, na nashukuru. Milango yote inafunga mpaka leo, masika yamepita juu yake. Vuta droo moja uone kazi yake: pembeni ubao umekatwa meno yanayoingia kwenye meno ya ubao mwingine, gundi tu, hakuna msumari. Nyuma ya droo, mahali ambapo hakuna mtu atakayeangalia, amepiga msasa sawasawa na mbele. Chini ya sinki alikataa kabisa kuweka MDF, zile mbao za unga wa mti uliogandishwa kwa gundi. Alisema ikilowa inavimba kama mkate, na akanionyesha kipande kilichotolewa kwenye nyumba ya mteja. Pia alitaka kwanza mwashi ajenge kitako cha tofali, makabati yakae juu yake, ili maji ya kudeki yasiguse mbao.

Yapo ya kulalamikia. Alichelewa kuliko tulivyokubaliana, na akiwa kazini simu hapokei. Mume wangu ilibidi apande bodaboda kumfuata. Vishikio alivyoleta vilikuwa vile vya kubanduka rangi, nikavikataa na kununua vingine mjini, kwa hiyo nawe nunua mwenyewe vishikio na bawaba umpelekee. Paini nayo ni laini, sufuria ikigonga inaacha alama. Ukitaka mbao ngumu kuna mninga, ila jiandae kwa bei. Kwa pesa niliyokuwa nayo, paini iliyokauka vizuri inatosha kabisa, na namtuma mtu yeyote kwake bila wasiwasi.

Marumaru ndiko nilikopata shida. Nilichukua za Tanzania, zile za sentimita 60 kwa 60, boksi lina vipande vinne na linafunika mita za mraba 1.44. Nililipa, nikapata risiti, nikakodi kirikuu. Fundi wa marumaru alipofungua maboksi sebuleni, matatu yalikuwa na weupe tofauti na mengine. Duka lilinichanganyia mizigo miwili. Kila boksi lina namba ya toleo imegongwa ubavuni, na hizo tatu hazikufanana na zilizobaki. Muuzaji alibisha mpaka nilipomwonyesha namba zenyewe, ndipo akabadilisha, nauli ya kurudisha nikatoa mimi. Duka hilo sirudi. Soma namba hizo boksi kwa boksi kabla mzigo haujapanda gari, na chukua ziada ya sehemu moja kwa kumi, kwa sababu vipande vya pembeni hukatwa na toleo lile baadaye halipatikani. Bafuni usikubali marumaru inayoteleza hata kama muuzaji anaisifia. Mwage maji kidogo palepale dukani uipitishie kiganja.

Rangi nilichanganyiwa kwa mashine kwenye duka la mjini, na hao nawapa sifa zote. Walinichanganyia kopo dogo kwanza nikajaribu ukutani, nikaitazama asubuhi na jioni. Ya kwanza ilikuwa imekaa kama tofali jioni. Wakapunguza wekundu bila manung'uniko, kisha wakabandika karatasi yenye fomula juu ya mfuniko. Karatasi hiyo itunze; mtoto akichora ukuta mwakani utaihitaji.

Mapazia ni soko la mitumba la Mlango Mmoja, asubuhi na mapema, siku wanayofungua marobota. Pamba nzito ya mtumba inashinda vitambaa vingi vipya vya dukani: haing'ai, inazuia jua, na ukiifua inazidi kulainika. Beba vipimo vya dirisha umeviandika, na kagua kila pazia ukilielekeza kwenye mwanga.

Jambo moja linaniuma nikipita mitaani: watu wanapaka rangi kuta za mawe. Hapa tumezungukwa na granaiti, kuna watu wanaipasua kwa moto na nyundo milimani, na fundi mawe wazuri wapo. Ukuta wetu wa kuzuia udongo nyuma ya nyumba ni mawe hayo, tumeuosha tu kwa brashi ya waya. Jiwe la Mwanza ni zuri lilivyo. Liacheni.

Fundi wa Nyakato sasa ana kazi yangu ya kabati la nguo. Nimelipa nusu, mbao zinakauka, na sijampigia simu kumharakisha.