Vijiti Viwili Hewani: Uzoefu Wangu na Sauti Mpya ya Bendi Niliyoipenda

Nimeahirisha kuandika haya kwa muda nikitumaini kwamba hasira itapoa, lakini haijapoa. Bendi yenyewe sitaitaja jina. Ni bendi ya roki ya watu wanne, ya nyimbo za huzuni na sauti nzito ya mwimbaji, ambayo kwa miaka mingi ilinitosheleza kwa magitaa mawili, besi na ngoma. Albamu yao mpya imeyaweka magitaa kando na kuingiza sinthesaiza, yaani kinanda cha umeme kinachounda sauti, na mashine za midundo. Nilikwenda kuisikiliza jukwaani kwa moyo mweupe, kwa kuwa sijawahi kumdai msanii arudie yale yale ili mimi nifurahi.

Kilichonichoma kilitokea katika wimbo wa nne, kama si wa tano. Midundo ilikuwa ikitoka kwenye kompyuta mpakato iliyowekwa juu ya meza ndogo kando ya mpiga ngoma, na ghafla ikakatika kama uzi. Nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kumwona vizuri: ngoma zake ziko mbele yake, vijiti viwili amevishika hewani, macho ameyakaza kwenye kioo cha kompyuta akingoja kiwake. Mpiga gitaa aliinama akaanza kuchomoa na kuchomeka nyaya. Hakuna aliyepiga hata noti moja, na ukumbi mzima ukabaki ukisikiliza mvumo wa spika. Huyu ndiye mpiga ngoma ambaye midundo yake katika rekodi yao ya kwanza niliijua kwa vidole, nikiigonga juu ya meza hadi nikakatazwa nyumbani, na sasa alikuwa akisubiri ruhusa ya mashine ili afanye kazi aliyoifanya nusu ya maisha yake.

Wapo watakaosema kwamba mitambo huharibika, na ni kweli. New Order, bendi ya Uingereza iliyotokana na bendi ya Joy Division baada ya kifo cha mwimbaji wake Ian Curtis mwaka 1980, walipokwenda kwenye kipindi cha runinga cha Top of the Pops mwaka 1983 na kibao chao cha Blue Monday, walisisitiza kupiga moja kwa moja badala ya kuigiza juu ya rekodi, na mitambo ikawasumbua mbele ya nchi nzima. Lakini walipiga. Kibao hicho kinaongozwa na mashine kwa zaidi ya dakika 7, na bado besi ya Peter Hook inasikika ndani yake kama sauti ya mtu anayekataa kuondoka chumbani. Radiohead nao, bendi nyingine ya Uingereza, walipotoa albamu ya Kid A mwaka 2000 na kuwashtua waliotaka magitaa, hawakuziachia mashine jukwaa: mpiga gitaa wao Jonny Greenwood alizichezea nyaya za sinthesaiza kwa mikono yake mbele ya watu, na Phil Selway aliendelea kuketi kwenye ngoma zake. Kwa hiyo ugomvi wangu hauko na umeme. Uko na binadamu anayejiweka mbali na ala yake kiasi kwamba umeme ukikatika, naye amekatika.

Baada ya kimya kilichonionekea kirefu mno, mwimbaji alijizungushia waya wa kipaza sauti kwenye kiganja, akafumba macho, akaanza ubeti bila muziki wowote. Mpiga besi akaitafuta noti, akaipata. Mwisho kabisa vijiti vikashuka. Hizo dakika tatu ndizo bora nilizowahi kuzisikia kutoka kwao, na zilinikasirisha kuliko ule ukimya, kwa sababu zilinionyesha kwamba uwezo wanao na wameamua kuukunja na kuuweka kabatini. Niliwaambia rafiki zangu wote wasiihangaikie albamu hiyo.

Neno hilo sasa nalirudisha, angalau nusu yake. Usiku mmoja niliisikiliza tena kwa spika za masikioni, taa zikiwa zimezimwa, nikafika kibao cha saba. Mdundo wake ni mmoja, mkavu, haubadiliki tangu mwanzo hadi mwisho, huku sauti ya mwimbaji ikizidi kuchoka, na kabla ya ubeti wa mwisho wameiacha pumzi yake isikike, ndefu, ya mtu aliyebeba mzigo. Mpiga ngoma wa kweli angemhurumia hapo. Angepunguza nguvu, angemsubiri. Mashine haikumsubiri. Mtu anaomboleza na saa ya ukutani inaendelea kugonga, na huzuni hiyo magitaa yao hayakuwahi kunipa katika albamu zote zilizotangulia. Nilikirudia kibao hicho mara nne usiku ule, na ningeandika sifa tupu kama ningekuwa sikuhudhuria onyesho lile.

Nililihudhuria, lakini. Kila kibao hicho kinapoisha naviona vijiti viwili hewani, na hasira inarudi mbichi kama siku ile. Albamu nitaendelea kuisikiliza nikiwa peke yangu. Tamasha lao jingine siendi, isipokuwa nisikie kwa mtu aliyekuwapo kwamba kompyuta ilizima katikati ya wimbo na mpiga ngoma hakuitazama.