Kula Barcelona wiki ya Mobile World Congress: uzoefu wangu

Chakula cha ndani ya Fira Gran Via, kumbi yanakofanyika maonyesho haya ya simu na teknolojia ya mawasiliano, nakipa alama mbili kati ya tano, na zote mbili ni za kahawa. Majengo ni manane, yameunganishwa kwa njia ya juu, na sehemu za kula zimetawanyika humo, lakini kati ya saa sita na nusu na saa nane mchana foleni inakula muda mwingi kuliko mlo wenyewe. Ukifika kaunta, vya moto vimeshakwisha na umebaki mkate baridi. Kama huwezi kutoka, kula saa tano na nusu, au vumilia hadi saa nane na nusu.

Kama unaweza kutoka, toka. Mlo wa kutegemea wiki ile ni wa mchana, si wa usiku, na unaitwa menú del día, yaani menyu ya siku. Hupatikana mchana tu, hasa siku za kazi, na huandikwa ubaoni mlangoni: sahani ya kwanza, sahani ya pili, kitindamlo au kahawa, pamoja na mkate na kinywaji. Katika migahawa ya mitaani tarajia kama euro 15 hadi 20, kodi ikiwa ndani. Huja haraka kwa sababu jikoni wameandaa sahani chache kwa wingi. Ukimwambia mhudumu mapema kwamba una haraka, saa moja inatosha. Hapa alama ni tano kwa tano.

Usiutafute karibu na lango la maonyesho wala kwenye hoteli za Plaça d'Europa, maana huko kila mtu ana beji shingoni. Panda metro L9 Sud hadi Collblanc, ambako wateja ni watu wa mtaa wenyewe. Tiketi ya kawaida ya metro inatosha. Nauli maalumu ni ya vituo vya uwanja wa ndege tu. Ingia saa saba kamili, jikoni linapofunguka. Wenyeji hukaa mezani kuanzia saa nane, na ikifika saa kumi jikoni nyingi zimeshafunga.

Usiku ndipo wageni wengi wanapokwama. Wanatoka ukumbini na njaa saa moja jioni, ilhali mgahawa wa maana unafungua saa mbili au mbili na nusu. Unaokukaribisha saa moja kwa picha za paella (wali wa Kihispania) mlangoni ndio wa kuupita. Migahawa mingi hupokea wateja kwa zamu mbili, ya kwanza mnamo saa mbili na nusu na ya pili baada ya saa nne. Zamu ya kwanza ndiyo inayonyakuliwa na makampuni, kwa hiyo jaribu ya pili. Jaribu pia kuangalia tena kama kuna meza jioni ya siku moja kabla: sehemu zinazodai namba ya kadi hutoza asiyetokea, na wanaobadili mpango huachia meza kabla muda wa kughairi haujapita. Mkiwa wanane mtalazimishwa menyu ya kikundi, ambayo kwa kawaida ni ghali na haina mvuto. Gawanyikeni wanne wanne.

Aliyekosa meza aende Carrer Blai, mtaa wa Poble-sec, kituo kimoja tu cha L3 kutoka Plaça Espanya. Chakula cha huko ni vipande vya mkate vyenye vitoweo juu, kila kimoja kimechomwa njiti, na bili ni hesabu ya njiti, kwa hiyo usizitupe. Angalia pia aina yake, maana njiti tofauti huwa na bei tofauti. Fika kabla ya saa moja na nusu. Vilivyokaa kaunta muda mrefu mkate wake umelowa; ngoja vya moto vinavyotolewa jikoni. Alama tatu na nusu: si karamu, lakini unashiba.

Kwa asiyekula nguruwe, jihadhari zaidi ya kuuliza kama kuna nyama. Sandwichi inayoitwa bikini ni ya jibini na nyama ya nguruwe, hata menyu isipotaja. Dengu na njegere kavu mara nyingi hupikwa na chorizo, soseji ya nguruwe yenye viungo, na botifarra nayo ni soseji ya nguruwe. Uliza kwa kutaja: «¿Lleva cerdo, jamón o chorizo?», yaani, kina nguruwe, jamón (paja la nguruwe) au chorizo? Neno «carne» (nyama) peke yake halitoshi, kwani wapo wasiohesabu jamón kuwa nyama. Halali ipo kwa wingi mtaa wa Raval, hasa kwa Wapakistani, na wengi wao hupika bila kusubiri saa za Kihispania.

Kuhusu bili, maji ya bomba ni bure kwa sheria ya 2022, ila omba wazi «agua del grifo», la sivyo inaletwa chupa. Meza ya nje inaweza kuwa na nyongeza iliyoandikwa kwenye menyu. Bahashishi si lazima.

Meza ya kuweka mapema kuliko zote ni ya Jumapili usiku, siku ambayo wageni wengi wanaingia mjini. Migahawa mingi hufunga Jumapili jioni na Jumatatu, na soko la Boqueria halifunguki Jumapili.