Wamama wa kushona karibu na soko kuu Mtwara, nawapa nyota 4 kati ya 5

Jamani kama unatafuta fundi anaejua kukata gauni la kitenge bila kuharibu kitambaa, nenda kwenye banda la wale wamama karibu na soko kuu hapa Mtwara mjini. Nlipeleka vitenge viwili, gauni moja na sketi na blauzi, elfu 28 jumla, mshono umenyooka, ndani wamepiga ovaloki (ule mshono wa kuzuia nyuzi zisichomoke), zipu haijajikunja na vipande vilivyobaki nikarudishiwa vyote bila kuomba. Nyota moja nimeitoa kwasababu niliahidiwa Jumatano nikapata Ijumaa jioni, umeme ulikatika na mashine ya ovaloki haizunguki bila umeme.

Baadhi yao ni ndugu zetu wa ng'ambo ya mto Ruvuma, Msumbiji, walikimbia mji wa Palma uliposhambuliwa Machi 2021, Kimakonde tunasikilizana vizuri tu. Yule dada aliyenipima alivuka na watoto wawili akafikia kwa mjomba wake huku. Cherehani alipewa, lakini anasema kilichomwokoa ni ile miezi sita ya mwanzo walivyokuwa wanapewa na hela ya chakula, "bila hivyo dada ningeiuza wiki ya pili, mtoto analia njaa wewe utashona nini?" Hapo nlinyamaza kwa kweli, maana wangapi tumewaona wamepewa mbuzi au mashine, mwezi haujaisha imeshauzwa, tukawaita wavivu kumbe ndani hamna unga.

Sasa ivi wana kikoba, wanakutana kila Jumamosi, hisa moja elfu 2, sanduku lina kufuli tatu na kila ufunguo anakaa nao mtu wake. Msimu wa korosho, kuanzia mwezi wa kumi hivi, watu wana hela na wao wanashona mpaka usiku, ndo wananunua hisa nyingi, na hela hizo ndo wanakopa mwezi wa tatu na wa nne mvua ikinyesha banda likakaa bila mteja. Walipogawana akiba mwaka jana huyu dada akanunua cherehani ya pili, na hapo amemkalisha binti wa mtaani kwetu hapa hapa anamfundisha kazi, binti ambae alikuwa kakaa tu nyumbani tangu amalize la saba.

Mkienda msiwakandamize bei, elfu 15 ya gauni ni haki yao kabisa. Sare za shule pelekeni mapema Desemba, Januari foleni inakuwa ndefu, na nguo ya sherehe wape siku tatu za ziada.