Mfuko wa DAF kwa sadaka ya kupeleka nyumbani: tulivyochagua na tunavyouona sasa

Kama unaishi Marekani, una hisa zilizopanda bei au umepata mwaka mmoja wa kipato kizuri kuliko kawaida, na unataka kutoa sadaka kwa mpango, mfuko wa DAF (donor-advised fund, yaani mfuko wa sadaka ambao mtoaji hushauri pesa iende wapi) utakufaa. Kama nia yako ni kumlipia mpwa wako karo au kuchangia matanga ya jirani kule kwetu, haukufai hata kidogo, na ni heri ulijue hilo kabla hujatia dola yako ya kwanza. Mimi na mume wangu ni watu wa Mombasa, tunaishi Columbus, Ohio, na mfuko wetu tumeufungua Fidelity Charitable baada ya kulinganisha taasisi kadhaa. Maelezo mengi niliyoyasoma wakati ule yalikuwa yakimfikiria mtoaji ambaye kila anayetaka kumsaidia yuko hapahapa Marekani. Sisi hatuko hivyo.

Unavyofanya kazi ni hivi. Unatia pesa au hisa kwenye mfuko ulio chini ya taasisi ya hisani iliyosajiliwa. Kisheria umeshatoa siku hiyohiyo: punguzo la kodi unalidai kwa mwaka huo, na mali hairudi tena mkononi mwako hata ukipata shida. Baadaye, kwa wakati wako, unaishauri taasisi ipeleke kiasi gani kwa shirika lipi. Mwenye uamuzi wa mwisho ni taasisi, ingawa kwa kawaida ushauri wako hufuatwa iwapo shirika hilo linatambuliwa na IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, na hakuna faida inayokurudia wewe. Ndiyo maana karo ya mtu mmoja, nauli ya Hija ya mama au tiketi ya karamu ya kuchangisha havipiti.

Kilichotuvuta sisi ni hisa. Mume wangu hupewa hisa kazini. Chukua mfano wa hisa ulizozipata zikiwa na thamani ya dola 4,000 na leo ni 15,000. Ukiziuza ili utoe sadaka, ile faida ya 11,000 inatozwa kodi, na kwa familia nyingi za kipato cha kati kiwango chake ni asilimia 15, yaani dola 1,650 kwa serikali kuu peke yake. Ukizihamisha hisa zenyewe kwenye mfuko, na umekaa nazo zaidi ya mwaka, kodi hiyo hulipi, taasisi inaziuza bila kutozwa, na punguzo lako linahesabiwa kwa 15,000 zote. Hizo 1,650 ni sadaka zaidi. Misikiti na vituo vingi vidogo havina akaunti ya kupokelea hisa, kwa hiyo mfuko unafanya kazi ambayo wao wasingeiweza.

Faida ya pili ni kukusanya sadaka za miaka kadhaa katika mwaka mmoja. Kwa mwaka 2025 punguzo la kawaida la mke na mume wanaojaza fomu pamoja, yaani kiasi wanachokatiwa bila kuorodhesha sadaka wala makato mengine, lilikuwa dola 31,500. Tuseme riba ya mkopo wa nyumba na kodi za jimbo ni 18,000, na sadaka ni 6,000 kila mwaka: jumla 24,000, haivuki kiwango hicho, na kwa hesabu ya kodi sadaka yako haikupunguzii chochote. Ukitia sadaka ya miaka mitatu kwa mkupuo, inakuwa 36,000, na hapo 4,500 inazidi. Mashirika yenyewe utaendelea kuyapelekea kidogokidogo kama ulivyozoea. Kuanzia 2026 sheria imebadilika: anayeorodhesha makato yake hahesabiwi sadaka isiyozidi nusu ya asilimia moja ya kipato chake, na punguzo jipya la hadi dola 2,000 kwa mke na mume wasioorodhesha halihusu pesa unayoitia kwenye DAF. Mwenye kutoa kidogo kidogo kwa pesa taslimu sasa ana sababu zaidi ya kuupa msikiti au shirika moja kwa moja.

Katika kuchagua, watu wengi huanza na ada. Vanguard Charitable tuliiacha mapema kwa kuwa ilikuwa ikitaka kuanzia dola 25,000. Daffy, iliyoanza 2021, hutoza ada ya mwezi badala ya asilimia, na programu yake ya simu ni nyepesi kwa vijana. Fidelity Charitable haina kiwango cha chini cha kufungulia, na unaweza kupeleka msaada kuanzia dola 50. Ada yake ya mwaka ni asilimia 0.6 au dola 100, ile iliyo kubwa. Piga hesabu hapo: mwenye 5,000 kwenye mfuko anakatwa asilimia 2 kamili, na huo ni mkato mzito. Chini ya takriban 16,700 unalipa zaidi ya ile asilimia inayotangazwa. Mbali na ada hiyo kuna gharama za uwekezaji pia, kwa kuwa pesa inayosubiri kutolewa huwekezwa.

Lakini swali lililotuamulia sisi lilikuwa hili: pesa itafikaje Kenya? Taasisi hizi hazitumi msaada moja kwa moja kwa madrasa ya Likoni au zahanati ya Kilifi kama unavyotuma kwa M-Pesa. Ama shirika liwe na tawi lililosajiliwa Marekani, ama upitie mpatanishi kama GlobalGiving, CAF America au King Baudouin Foundation United States, wanaolikagua shirika la nje na kuwajibika kwa pesa hiyo. Taasisi moja niliyoipigia, ambayo sitaitaja, ilinihamisha kutoka mtu hadi mtu na hakuna aliyeweza kunieleza njia ya kufikisha msaada pwani ya Kenya. Swali hilo uliulize kabla ya kufungua, tena utaje shirika unalolikusudia kwa jina. Na uulize mpatanishi anakata kiasi gani, maana mkato wake unaongezeka juu ya ada ya mfuko.

Zakat yetu hatuipitishi humo. Imamu wetu alitueleza kwamba zakat ina makundi yake manane, na pesa iliyokaa kwenye mfuko bado haijamfikia fakiri. Wako wanaoruhusu ikiwa inatolewa haraka. Muulize unayemwamini katika dini yako. Kilichotusumbua zaidi ni riba: vikapu vingi vya uwekezaji vina hati fungani na akiba zenye riba ndani yake. Kwa mwenye kulijali hilo, American Muslim Community Foundation ina mifuko ya aina hii iliyopangwa kwa Waislamu, na ingekuwa chaguo letu kama tungetaka kuiacha pesa ikue kwa miaka mingi.

Sisi hatutaki ikae. Hili ndilo jambo ninalolishikilia kuliko yote. Wakfu binafsi wa Kimarekani unalazimika kutoa takriban asilimia 5 ya mali yake kila mwaka. Mfuko wa DAF haulazimishwi na sheria kutoa hata senti. Mtu anaweza kupata punguzo lake leo na pesa ikalala miaka kumi, huku mtoto aliyekusudiwa akimaliza utoto wake bila darasa. Tumekubaliana nyumbani: kinachoingia mwaka huu kiwe kimetoka chote kabla ya Ramadhani ya tatu, na watoto wetu wakubwa wanakaa nasi kuchagua kiende wapi.

Ninachokipenda zaidi ni kutoa bila jina. Unachagua tu, na shirika linapokea msaada bila kujua umetoka kwa nani. Kwa jamii ndogo kama yetu, ambapo kila mchango unasomwa kwa kipaza sauti, hilo linailinda nia.

Kuhusu muda: ili hisa zihesabiwe mwaka huu lazima ziwe zimeshaingia kwenye mfuko kufikia 31 Desemba, na zikitoka kwa wakala mwingine wa hisa uhamisho unachukua siku nyingi, hasa mwisho wa mwaka watu wanapojazana. Anza Novemba. Weka risiti ya taasisi, na mhasibu wako ajaze fomu 8283 ikiwa hisa ulizotoa zinazidi dola 500.