Imatinib kwa uvimbe wa GIST: uzoefu wangu kutoka Mbeya

Imatinib yenyewe, vidonge vya kuzuia uvimbe wa GIST, naipa nyota tano. Njia ya kuifikia naipa tatu, na nyota mbili zinapotelea kwenye kinyama, yaani kipande cha uvimbe kinachopelekwa maabara.

GIST ni saratani adimu ya tishu laini. Huota ndani ya ukuta wa mfuko wa chakula au wa utumbo, ndiyo maana mpira wa kamera unaweza kuona utando safi wakati uvimbe uko chini yake. Choo cheusi kama lami, damu kupungua, kushiba kwa matonge matatu: ukimeza dawa za vidonda vya tumbo na hali isibadilike, omba CT ya tumbo (picha za mashine), yenye dawa ya kung'arisha picha inayodungwa kwenye mshipa. Figo zipimwe kwanza.

Sasa kinyama. Uvimbe huu ni laini, huvuja damu na ukipasuka humwaga mbegu za saratani tumboni. Kama unaweza kutolewa mzima, mara nyingi daktari wa upasuaji huutoa bila kuuchoma sindano. Kipande kiwekwe kwenye formalini (dawa ya kuhifadhi nyama isioze) ya asilimia 10, angalau mara kumi ya ujazo wake, chupa ya mdomo mpana. Kikiwekwa kwenye maji ya chumvi kisha kikapakiwa basi la Dar es Salaam, kitafika kimeoza. Fomu iandikwe wazi kwamba GIST inashukiwa, na maabara iombwe kupima CD117 na DOG1, alama za protini zinazoitambulisha GIST. Bila hivyo jibu laweza kurudi "saratani ya misuli", mgonjwa akapewa dripu za kemo ambazo GIST haizijali.

Dozi ya kawaida ya imatinib ni miligramu 400 mara moja kwa siku, pamoja na mlo na glasi kubwa ya maji. Kula ugali kwanza. Tumbo tupu litakutapisha. Macho huvimba asubuhi na misuli hukaza usiku. Balungi acha kabisa. Ukianza dawa za TB sema mapema, maana rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, hupunguza sana nguvu ya imatinib.

Baada ya upasuaji, mwenye hatari kubwa ya ugonjwa kurudi humeza miaka 3. Kwa ugonjwa uliosambaa, dawa haikatizwi maadamu inafanya kazi. Na jamani, msiogope CT ya kwanza baada ya kuanza dawa: uvimbe waweza kuonekana umekua kidogo lakini umekuwa mweusi zaidi kwenye picha. Huo unakufa. Muulizeni daktari kuhusu weusi huo kabla hajabadilisha dawa.